Georges Méliès na mikanda iliyonusurika

Wapenzi wa filamu za kale za bunilizi ya kisayansi hupenda kununua matoleo ya kuhifadhi: seti za DVD au Blu-ray zenye kasha la chuma, kijitabu cha maelezo, na picha zilizosafishwa upya. Kati ya matoleo hayo, lile la filamu ya Le Voyage dans la Lune, yaani Safari ya kwenda Mwezini, lina historia ya ajabu kuliko mengi. Mtunzi wake alikufa mwaka 1938 akiwa hana mali, na miaka kumi na mitano kabla ya kifo chake alikuwa ameteketeza kwa mkono wake mwenyewe akiba yake ya filamu. Ikiwa leo tunaweza kununua kazi zake, ni kwa sababu watu wengine walizinunua, wakazificha, wakazisahau, na hata wakaziiba. Tumesimulia hapa maisha yake ili msomaji aelewe kilichomo ndani ya kasha hilo.

Georges Méliès alizaliwa Paris tarehe 8 Desemba 1861. Baba yake, Jean-Louis Méliès, alikuwa fundi viatu aliyepata utajiri kwa kutengeneza viatu vya fahari. Mama yake alitoka katika familia ya Kiholanzi ya ufundi huohuo. Georges alikuwa mdogo kati ya watoto watatu wa kiume, nyuma ya Henri na Gaston. Alisoma katika shule ya Louis-le-Grand, akapata shahada ya sekondari mwaka 1880, kisha akafanya utumishi wa jeshi. Shuleni alijulikana kwa kuchora katika madaftari yake, na alitamani kuwa mchoraji. Baba yake hakukubali. Kijana akaingizwa katika kiwanda cha viatu, ambako alijifunza kushona ngozi na kutengeneza mashine zilizoharibika. Ujuzi huo wa mashine ulimfaa sana baadaye.

Mwaka 1884 alipelekwa London kufanya kazi dukani na kujifunza Kiingereza. Kwa kuwa lugha ilikuwa bado ngumu kwake, alipendelea maonyesho ambayo hayakuhitaji maneno mengi. Akazoea kwenda Egyptian Hall, jumba la mazingaombwe la John Nevil Maskelyne, na huko akajifunza kwamba hadithi nzima inaweza kuelezwa kwa vitu vinavyotokea na kutoweka. Aliporudi Paris mwaka 1885 alimwoa Eugénie Génin, ambaye alikuwa na mali yake. Mwaka 1888 baba aliwaachia wanawe biashara. Georges akawauzia ndugu zake fungu lake, na kwa fedha hizo akanunua jumba la mazingaombwe la Robert-Houdin. Tangu siku hiyo aliachana na viatu, akawa mkurugenzi, mtunzi, mchoraji wa mapazia na mwanamazingaombwe.

Tarehe 28 Desemba 1895 alikuwa miongoni mwa watu walioalikwa Grand Café kuona chombo kipya cha ndugu Lumière. Alipoona picha zikitembea ukutani, alitaka kununua chombo hicho papo hapo, akatoa franka 10,000. Antoine Lumière, baba wa wavumbuzi, alikataa. Méliès hakukata tamaa. Alikwenda London, akanunua chombo cha Robert W. Paul, akakifungua, akakichunguza, na kwa msaada wa mafundi wake akatengeneza kamera yake mwenyewe. Mwaka 1896 alianza kupiga filamu na kuziuza kwa jina la Star Film.

Yeye mwenyewe alieleza baadaye jinsi alivyogundua siri ya kwanza ya sinema. Alikuwa akipiga picha katika uwanja wa Opéra, kamera ikakwama kidogo, kisha ikaendelea. Alipouonyesha mkanda huo, basi la farasi liligeuka ghafla kuwa gari la kubebea maiti, na wanaume wakageuka wanawake. Wanahistoria wengine wana shaka juu ya kisa hiki. Jambo lisilo na shaka ni kwamba kabla mwaka 1896 haujaisha, Méliès alikuwa tayari akiutumia ufundi huo kwa makusudi: kusimamisha kamera, kubadilisha kilicho mbele yake, kuendelea. Baadaye aliongeza kupiga picha mara mbili juu ya mkanda mmoja, kufifisha picha polepole, na kurudufu mwili wa mwigizaji. Zana nyingi ambazo bunilizi ya kisayansi iliishi nazo kwa karne nzima zilikwisha kuwa mikononi mwake.

Huko Montreuil, karibu na Paris, alijenga jumba la kuta na paa la vioo ili mwanga wa jua uingie pande zote. Humo alifanya karibu kila kazi: kuandika hadithi, kuchora mandhari, kuongoza, kuigiza, na kusimamia hesabu. Kati ya mwaka 1896 na 1913 alitoa filamu zaidi ya 500. Nyingi zilikuwa fupi, dakika moja au mbili. Wala hakufanya vichekesho tu: mwaka 1899 alipiga filamu ya vipande vingi juu ya kesi ya kapteni Dreyfus wakati kesi hiyo ilikuwa bado inaigawanya Ufaransa.

Mwaka 1902 alipiga Le Voyage dans la Lune. Wazo lilitoka kwa Jules Verne, aliyechapa riwaya yake ya safari ya kutoka duniani hadi mwezini mwaka 1865, na huenda pia kwa H. G. Wells, ambaye kitabu chake juu ya watu wa kwanza mwezini kilitoka mwaka 1901. Wataalamu wa nyota, wakiongozwa na Profesa Barbenfouillis, wanaingia ndani ya kombora, wanapigwa kwa mzinga mkubwa, na kombora linachoma jicho la mwezi. Huko wanakutana na wakazi wa mwezini, ambao wakipigwa kwa mwavuli hupasuka na kuwa moshi. Wakazi hao walichezwa na wanasarakasi wa Folies Bergère. Profesa alichezwa na Méliès mwenyewe. Mkanda ulikuwa na urefu wa mita 260 hivi, karibu robo saa, na hiyo ilikuwa filamu ndefu kwa wakati ule. Gharama ilifika franka 10,000, sawa na bei aliyokuwa amekataliwa na Antoine Lumière.

Mwanafunzi wa lugha asipite hapa haraka. Filamu hiyo haina maandishi kati ya picha. Lakini haikuonyeshwa kimya. Méliès aliandika maelezo ya kusomwa au kusimuliwa na mtu aliyesimama kando ya pazia wakati picha zinapita. Basi maana ya filamu ilikamilishwa na sauti ya msimulizi, na kila msimulizi alikuwa na lugha yake, mzaha wake na mwendo wake. Sisi Wakongo hatuoni jambo hilo kuwa geni: wakati wa ukoloni, katika maonyesho ya mapadri, picha zilifuatana na mtu aliyezieleza kwa lugha ya wasikilizaji. Anayetazama Le Voyage dans la Lune bila sauti yoyote anatazama nusu ya kazi. Ndiyo sababu matoleo mazuri ya kuhifadhi huweka, kwa baadhi ya filamu, njia ya pili ya sauti yenye maelezo aliyoyaandika Méliès.

Jambo la pili ni rangi. Filamu iliuzwa kwa namna mbili. Nakala nyeusi na nyeupe iligharimu franka 560. Nakala ya rangi franka 1,000. Hapakuwa na mashine ya rangi. Katika karakana ya Bibi Élisabeth Thuillier, wanawake wengi walikaa safu kwa safu, kila mmoja akipaka rangi moja tu kwa brashi nyembamba, picha moja baada ya nyingine. Kwa hiyo hakuna nakala mbili za rangi zilizofanana kabisa. Kila moja ilikuwa kama hati iliyonakiliwa kwa mkono na mwandishi wake.

Neno la kukumbuka ni hili: iliuzwa. Méliès hakukodisha filamu zake. Mwenye sinema au mwenye hema la maonyesho alinunua mkanda kama anavyonunua kitambaa, akaenda nao alikotaka, akauonyesha hadi ukachakaa. Desturi hiyo ilimtajirisha Méliès kwanza, kisha ikamwangusha. Huko Marekani, kampuni ya Edison na ile ya Siegmund Lubin zilitoa nakala za Le Voyage dans la Lune bila ruhusa na kuziuza kwa faida yao. Mtunzi hakupata chochote cha maana kutokana na mafanikio hayo makubwa. Mwaka 1903 akamtuma ndugu yake Gaston kufungua ofisi New York na kuandikisha filamu kisheria. Sheria ya Marekani ya wakati huo haikuwa bado inaitambua filamu kama filamu. Watu waliandikisha picha zake zilizochapwa juu ya karatasi, na karatasi hizo zikawekwa katika Maktaba ya Bunge huko Washington. Hakuna aliyefikiri kwamba karatasi hizo zingekuja kuwa kimbilio la kazi zilizopotea.

Alitoa nyingine za namna hiyo: Le Voyage à travers l'impossible mwaka 1904, ambamo gari-moshi linaruka hadi ndani ya jua, na À la conquête du pôle mwaka 1912, yenye jitu la theluji linalomeza watafiti. Lakini biashara ilikuwa imebadilika. Mwaka 1909 Méliès mwenyewe aliongoza mkutano wa watengenezaji filamu mjini Paris. Mwelekeo wa kampuni kubwa ulikuwa kukodisha badala ya kuuza. Kwa kampuni kama Pathé, yenye viwanda na majumba mengi, hilo lilikuwa sawa. Kwa fundi mmoja aliyefanya kila kitu mwenyewe, lilikuwa mzigo usiobebeka. Mwaka 1911 alikubali fedha za Pathé, akaweka rehani nyumba na jumba lake la Montreuil. Filamu zake za mwisho hazikupendwa kama zile za zamani; watazamaji walikuwa wamezoea mwendo mwingine. Gaston naye alitumia fedha nyingi katika safari ndefu ya kupiga filamu Asia na Pasifiki, akarudi na hasara kubwa. Mwaka 1913 Méliès aliacha kupiga filamu, na mwaka huohuo Eugénie akafariki.

Vita vya 1914 vilimaliza kilichobaki. Jeshi lilichukua sehemu ya Montreuil kuwa hospitali. Pia mamia ya nakala za Star Film zilichukuliwa na kuyeyushwa ili kupata madini ya fedha na selulosi. Inaelezwa kwamba selulosi hiyo ilitumika kutengeneza visigino vya viatu vya askari. Mtoto wa fundi viatu alikuwa amekimbia viatu, na viatu vikamrudia kwa njia hiyo. Mwaka 1923 jumba la Robert-Houdin lilibomolewa ili kupanua Boulevard Haussmann, na Montreuil ikachukuliwa na wadai. Hapakuwa na mahali pa kuweka makasha ya filamu zake. Kwa hasira na kwa kukosa nafasi, Méliès aliagiza yachomwe. Mikanda asilia, ambayo nakala zote zilitoka humo, ikaungua.

Si rahisi kumhukumu. Kwa macho yetu alichoma urithi wa dunia. Kwa macho ya mwaka 1923, vilikuwa vitu vya kizamani ambavyo hakuna aliyevinunua, na vilevile ni hatari, kwa kuwa mkanda wa zama hizo unashika moto kwa cheche moja. Kosa, kama lipo, lilikuwa la mpango mzima wa biashara ambao uliiona filamu kuwa bidhaa ya msimu. Siku hizo hapakuwa na taasisi nchini Ufaransa ambayo kazi yake ilikuwa kupokea filamu na kuzitunza kama vitabu.

Mwezi Desemba 1925 alimwoa Jehanne d'Alcy, mwigizaji aliyekuwa amecheza katika filamu zake nyingi. Jehanne alikuwa na kibanda cha pipi na vitu vya kuchezea katika kituo cha gari-moshi cha Montparnasse, na wote wawili wakakaa humo wakiuza, siku zote za juma, kwa baridi na kwa joto. Abiria walinunua mdoli na kuondoka bila kujua ni nani aliyewapa chenji. Hatimaye mwandishi wa gazeti la sinema, Léon Druhot, akamtambua. Habari zikaenea, watu wakaanza kutafuta filamu zake, na baadhi zikaonekana katika akiba za zamani za wafanyabiashara. Tarehe 16 Desemba 1929 sherehe kubwa ilifanywa kwa heshima yake katika ukumbi wa Salle Pleyel, na filamu kadhaa zikaonyeshwa tena. Mwaka 1931 alipewa nishani ya Légion d'honneur, na aliyemvika alikuwa Louis Lumière.

Heshima haikuwa chakula. Mwaka 1932 chama cha kusaidiana cha watu wa sinema kilimpa makao katika nyumba ya wazee huko Orly, pamoja na Jehanne na mjukuu wake Madeleine, aliyefiwa na mama yake Georgette. Huko vijana wawili, Henri Langlois na Georges Franju, walikuja kumtembelea. Mwaka 1936 vijana hao walishiriki kuanzisha Cinémathèque française, na filamu za mwanzo walizokusanya ziliwekwa katika jengo moja la Orly. Ufunguo alikabidhiwa Méliès. Mzee aliyekuwa amechoma filamu zake akawa mlinzi wa filamu za wengine. Alifariki Paris tarehe 21 Januari 1938, akazikwa Père Lachaise.

Baada yake, Madeleine Malthête-Méliès alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta filamu za babu, nchi kwa nchi. Zilitoka wapi, ikiwa mikanda asilia ilichomwa? Zilitoka kwa wanunuzi. Wenye mahema walikuwa wameziacha darini. Wakusanyaji walikuwa wamezihifadhi. Nakala za wezi nazo zilibaki. Karatasi za Washington zilipigwa picha upya na kuwa filamu tena. Leo zinajulikana filamu zaidi ya 200, kati ya zile 500 na zaidi. Mfumo wa kuuza, uliomwangusha mtunzi, ndio uliotawanya nakala mbali na moto wake.

Nakala ya rangi ya Le Voyage dans la Lune ilidhaniwa imepotea kabisa hadi mwaka 1993, mtu ambaye jina lake halikutajwa alipoikabidhi Filmoteca de Catalunya mjini Barcelona pamoja na filamu nyingine nyingi. Bendera inayoonekana katika filamu imepakwa rangi za Hispania, ishara kwamba nakala hiyo ilitengenezwa kwa mnunuzi wa huko. Lakini mkanda ulikuwa umegandamana kama jiwe. Mwaka 1999 kampuni ya Lobster Films ya Paris iliipata kwa kubadilishana na filamu nyingine, na Serge Bromberg na Eric Lange wakaanza kubandua picha moja moja kwa subira. Picha zilikuwa 13,375. Nyingine zilivunjika vipande vipande. Iliwabidi wangoje hadi mwaka 2010 kompyuta zilipoweza kuunganisha vipande hivyo. Palipokosekana picha, walichukua kutoka katika nakala nyeusi na nyeupe na kuzipaka rangi kwa kufuata zile zilizobaki. Mwezi Mei 2011 filamu ilionyeshwa Cannes, kwa muziki mpya wa kundi la Ufaransa liitwalo Air.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye duka. Mwaka 2008 Flicker Alley ya Marekani ilitoa seti ya DVD tano zenye filamu 173 za Méliès, karibu saa 13 kwa jumla. Mwaka 2010 ikaongeza diski ya filamu nyingine 26, na mwaka 2012 ikatoa toleo la rangi la Le Voyage dans la Lune katika kasha la chuma, pamoja na filamu ya Bromberg na Lange inayoeleza ukarabati wenyewe. Matoleo mengine ni mengi, kwa kuwa hakimiliki ya Ufaransa hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, na yeyote sasa anaweza kuuza filamu hizo. Diski za bei ndogo mara nyingi zimenakiliwa kutoka katika nakala ya nakala: picha ina ukungu, mwendo ni wa kasi kupita kiasi, na muziki umebandikwa ovyo.

Msomaji mzuri wa kitabu cha kale huuliza kimechapwa kutokana na hati ipi. Mnunuzi wa filamu aulize vivyo hivyo. Nakala iliyotumika ilitoka wapi? Rangi ni za brashi ya zamani au zimeongezwa jana? Mwendo wa picha umewekwa kwa kasi gani? Maelezo ya msimulizi yamo, na ni kwa lugha gani? Kisha atazame namba ya eneo nyuma ya kasha: DVD za Kongo ni za eneo la 5 na Blu-ray ni za eneo B, na diski ya Marekani iliyofungwa kwa eneo lake inaweza kukataa kusoma katika mashine yetu. Kasha la chuma ni zuri, lakini kijitabu kinachojibu maswali hayo ndicho chenye thamani.

Tena, kununua hakutoshi. Mtu aliyehifadhi nakala ya Barcelona aliitunza, lakini hakuionyesha, na ilikaribia kuoza gizani. Diski nazo huharibika. Kazi inayoishi ni ile yenye nakala nyingi katika mikono mingi, inayotazamwa, kusimuliwa na kubishaniwa. Hilo wanafunzi wa fasihi simulizi wanalijua bila kufundishwa na sinema: hadithi iliyobaki kinywani mwa mzee mmoja hufa naye. Filamu karibu 300 za Méliès hazijaonekana bado. Baadhi yake huenda ziko ndani ya sanduku darini, katika nyumba ambayo wenyewe hawajui walichorithi.